Kununua Golf GTI iliyotumika: pima haya kabla ya kutoa hela

Bei ya Golf GTI iliyotumika huvutia, na mara nyingi kuna sababu. Gari lenye turbo, nguvu za farasi zaidi ya 200 na viti vya mirabaraba kama shuka la Kimasai likiuzwa kwa hela ya sedani ya kawaida, ujue kuna bili inakaribia na mwenyewe hataki imkute. Bili hiyo huwa ni ya cheni, ya giaboksi, au ya injini inayokula oili. Zote tatu zinagundulika kabla hujalipa, ukiwa na asubuhi moja, fundi anayezijua Volkswagen na mashine ya kusoma kompyuta ya gari.

Tunazungumzia vizazi viwili vya Golf: Mk6 (2009 hadi 2013) na Mk7 (kuanzia 2013). Mk5 tuipite haraka: injini yake ya EA113 inatumia mkanda wa taimingi, na kikombe kidogo cha chuma kinachosukuma pampu ya mafuta ya presha kubwa husagika taratibu. Kikitoboka, pampu huanza kuila kemshafti. Kukikagua ni kufungua boliti tatu tu, kwa hiyo muuzaji anayekataa kazi hiyo amekupa jibu.

Kwanza, ni GTI kweli?

Grili yenye mstari mwekundu na nembo tatu za GTI zinauzwa dukani, na kuna Golf nyingi za 1.2 na 1.4 TSI zilizovalishwa hivyo. Usibishane na muuzaji kuhusu nembo. Soma karatasi. Kwa gari lililotoka Japani, cheti cha kusafirishia nje kina msimbo wa modeli, na herufi zake tatu za mwisho ndizo aina ya injini. Golf GTI ya Mk6 ni 1KCCZ. GTI ya Mk7 kwa kawaida ni AUCHH. Ukikuta AUCJZ, hiyo ni 1.2. Ukikuta 1KCAX ni 1.4 ya farasi 122, na 1KCAV ni 1.4 yenye turbo na supachaja pamoja, injini inayojulikana kwa kuvunja pistoni.

Njia nyingine ni giaboksi. DSG (giaboksi ya otomatiki ya Volkswagen yenye klachi mbili) ya GTI ya Mk6, na ya Mk7 karibu zote, ni ya gia 6 ambayo klachi zake zinaogelea kwenye oili. Golf ndogo za TSI zina DSG ya gia 7 yenye klachi kavu, ile iliyowatoa watu jasho kwa kuharibika. Weka kwenye gia za mkono barabarani uone dashibodi inafika ngapi. Gia 7 zinakubalika kwenye Mk7 za mwisho tu, hasa zenye farasi 245.

Mk6 au Mk7

Mk6 ina injini ya EA888 ya kizazi cha pili: farasi 210 na torki ya Nm 280. Ni gari tamu kuendesha, lakini kizazi hicho ndicho chenye tensiona mbovu ya cheni na ringi nyembamba za pistoni zinazoziba na kupitisha oili. Mk7 ilikuja na kizazi cha tatu, farasi 220 na Nm 350, na magonjwa hayo mawili makubwa yalipungua sana. Udhaifu wake mkubwa ni pampu ya maji, ambayo ni ghali lakini haiui injini ukiwahi.

Msimamo wetu ni huu: hela ikifika, chukua Mk7. Mk6 inunuliwe tu kama ina risiti ya tensiona mpya, au kama bei imeshushwa kiasi cha kazi nzima ya cheni. Maneno ya mdomo kwamba "cheni ilishabadilishwa" hayahesabiki. Cheni ni kazi ya kufungua mbele ya injini, na aliyeilipia hasahau kutunza karatasi.

Mahali ulipo pia panaamua. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo Mk6 yoyote unayouziwa Nairobi au Mombasa leo imeshakula matuta na vumbi la huko kwa miaka kadhaa. Ichunguze miguu na tumbo kwa ukali zaidi. Tanzania gari kuukuu linaingia, ila umri huongeza ushuru. Weka modeli na mwaka kwenye kikokotoo cha TRA (mamlaka ya mapato) kabla ya kuagiza, maana Mk6 inayoonekana rahisi kwenye tovuti ya Japani inaweza kukufikia kwa bei ya Mk7 ya huku.

Ukiagiza mwenyewe, omba karatasi ya mnada. Daraja la R au RA maana yake gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, na XX ni kipande kilichobadilishwa. XX kwenye fenda moja si tatizo, lakini XX kwenye fenda, bonneti na taa za upande huohuo zinakueleza kilichotokea. Linganisha pia kilomita za karatasi hiyo na zile za ukaguzi wa mwisho zilizoandikwa kwenye cheti cha kusafirishia.

Ifike injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji mapema kwamba gari lisiwashwe. Ukifika, weka kiganja juu ya bonneti. Likiwa na joto, panga siku nyingine. Gari lililopashwa moto linaficha nusu ya unachokuja kutafuta.

Fungua bonneti, simama upande wa cheni, ambao ni mkabala na giaboksi, kisha mwenzako awashe. Sikiliza sekunde tatu za mwanzo. Injini nzima huwa na mlio wa kawaida wa sindano za mafuta, tik-tik-tik kavu na ya haraka. Usichotaka kusikia ni mkwaruzo wa chuma kama mnyororo unaburuzwa ndani ya debe, hata ukidumu sekunde moja tu na kunyamaza. Hiyo ni cheni iliyolegea kabla presha ya oili haijapanda.

Sababu yake ni rahisi kueleweka. Tensiona inasukumwa na oili, na injini ikizimwa kuna meno madogo yanayoizuia isirudi nyuma. Kwenye tensiona za zamani kizuizi hicho huachia. Asubuhi cheni imelegea, mtu anawasha, cheni inaruka jino, na valvu zinakutana na pistoni. Gari lililoegeshwa jana likiwa zima leo linahitaji silinda hedi. Volkswagen walibadilisha muundo wa tensiona baadaye, na Mk6 za mwisho zimetoka na mpya. Kwa nyingine, fundi anaweza kuchomoa kizibo kidogo cha mpira kwenye mfuniko wa chini wa cheni na kuchungulia kwa tochi au kamera ni ipi iliyomo. Halafu asome kwa VCDS (programu ya kusoma kompyuta za Volkswagen) kikundi cha 93, kinachoonyesha kemshafti imepishana na krenki kwa digrii ngapi. Ikiwa karibu na sifuri, vizuri. Ikikaribia 4, cheni imeshavutika, nawe hesabu kazi hiyo kwenye bei. Msimbo P0016 (kemshafti na krenki hazilingani) ukiwepo, hakuna haja ya kuendelea na hesabu.

Oili, na kifuniko chake

Chomoa kijiti cha oili kabla ya kuwasha. Oili ikiwa chini ya alama, muuzaji ama halijali gari au linakula kuliko anavyoongeza. Volkswagen wenyewe huhesabu hadi nusu lita kwa kila kilomita 1,000 kuwa ndani ya kiwango, kiwango kikubwa mno kwa mtu anayenunua oili kwa hela yake. Muulize anaongeza mara ngapi, kisha angalia buti. Galoni la oili lililobaki nusu, likiwa na kitambaa kichafu pembeni, linajibu kwa ukweli zaidi.

Injini ikiwa inanguruma taratibu, legeza kifuniko cha kumiminia oili. Kufyonzwa kidogo ni sawa. Kifuniko kikiwa kimenyonywa kwa nguvu hadi unapambana nacho, au kukiwa na mluzi unaokatika ukikifungua, ngozi ya valvu ya PCV (ile inayopumulia gesi za ndani ya injini) imechanika. Valvu yenyewe ni kipuri cha kati, lakini ikiachwa muda mrefu inaharibu sili ya nyuma ya krenki, na kuifikia hiyo lazima giaboksi ishuke.

Moshi: bomba la ekzosti kuwa jeusi na kavu ndani ni kawaida kwa injini hizi. Likiwa na utando wenye mafuta unaoshika kidole, si kawaida. Baada ya kuendesha, acha gari likingurume dakika mbili, kisha kanyaga mafuta kwa ghafla huku mtu akiangalia nyuma. Wingu la bluu ni oili. Inaweza kuwa turbo au ringi, na hapo omba kipimo cha kompresheni. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi bar 3.

Maji

Pampu ya maji na nyumba ya thamostati ni kipande cha plastiki kilichofichwa chini ya manifoldi ya kuingiza hewa, upande wa giaboksi. Joto likiipinda, kolanti hutiririka juu ya giaboksi na kukauka ikiacha ukoko wa rangi ya waridi. Piga tochi pale. Ukiona ukoko, au harufu tamu baada ya safari, pampu inakwenda. Tangi la akiba likiwa na maji matupu badala ya kolanti ya waridi, mtu alikuwa anaongeza kila wiki na akachoka kununua.

Mashine ya kusoma

Hapa usikubali kile kidude cha Bluetooth kinachosoma injini peke yake. Unataka VCDS au mashine inayofungua moduli zote: injini, giaboksi, breki, mifuko ya hewa. Misimbo ya kuitafuta: P0299, turbo haileti presha ya kutosha; P0300 hadi P0304, silinda inakosa moto; P2015, vilango vya manifoldi, ambavyo kwenye Mk6 kwa kawaida humaanisha manifoldi nzima; P0171, hewa ya ziada inaingia mahali, mara nyingi kwa sababu ya PCV ileile; P0087, presha ya mafuta iko chini.

Kuna faida nyingine ambayo wauzaji wengi hawaijui. Kila hitilafu huhifadhiwa na kilomita ilipotokea, hasa kwenye Mk7. Dashibodi ikisema 78,000 na moduli ya breki ina hitilafu ya kilomita 131,000, mazungumzo yameisha. Na moduli zote zikiwa tupu kabisa, bila hata kosa moja dogo la betri, basi huenda kumbukumbu imefutwa asubuhi ile. Endesha kilomita 30 kisha soma tena.

Barabarani

Ikipata moto, tafuta barabara iliyo wazi. Gia ya tatu ya mkono, mzunguko 2,000, kanyaga hadi chini. Turbo ya injini hizi inasukuma mapema, torki yote iko tayari kabla hata ya mzunguko 2,000. Kwa hiyo gari likiwa zito hadi 3,500 ndipo linaamka, kuna presha inavuja: bomba la intakula (kipozeo cha hewa ya turbo) limepasuka, valvu ya kupumulia turbo imechanika, au lango la turbo limelegea. Hilo la mwisho lina sauti yake, mchakacho wa bati ukiachia mafuta.

Likikatakata na taa ya injini ikimwekamweka, ni moto unakosekana. Hamisha koili ya silinda inayolalamika uiweke jirani. Kosa likihama nayo, umepata punguzo la bei kwa tatizo la koili moja. Lisipohama, badilisha plagi kwanza, kisha shuku masizi. Mafuta ya injini ya Mk6 hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo hakuna kinachosafisha valvu za kuingiza hewa, na masizi hugandana juu yake. Mk6 iliyofika kilomita 100,000 bila kusafishwa kwa kawaida huwa nayo. Dalili ni kutetemeka asubuhi. Dawa ya chupa ya kumwaga kwenye tangi haifiki pale. Manifoldi inavuliwa na valvu zinasuguliwa.

DSG ipime polepole, maana mwendo wa kasi unaficha udhaifu wake. Ikiwa bado ya baridi, hamisha R na D mara tano. Mgongo ukisukumwa kidogo, sawa. Ukisikia kishindo, si sawa. Kwenye tambarare achia breki: gari lianze kutambaa lenyewe, laini, bila kusita. Kisha tafuta mlima na upande kwa kukanyaga kidogo tu, ukisikiliza gia ya kwanza kwenda ya pili. Mtetemo hapo ni klachi. Kelele ya kugongana injini ikiwa P au N, inayobadilika ukiweka D, ni flaiwili. Taa za gia zikianza kumwekamweka zote kwa pamoja, ni mekatroniki (kompyuta na valvu zinazoendesha giaboksi), na hiyo inaweza kukaribia robo ya thamani ya Mk6.

Oili na filta ya DSG hii hubadilishwa kila kilomita 60,000. Uliza lini na nani. Wapo mafundi watakaokuambia oili yake ni ya maisha. Hao usiwaachie gari.

Chini na pembeni

Lipandishe. Mk7 nyingi zina sampu ya oili ya plastiki, na nati ya kumwagia pia ni ya plastiki, hubadilishwa kila sevisi. Kinga ya chini ikiwa haipo, tuta moja refu linatosha kuipasua, kwa hiyo kinga iliyopotea ni hoja ya bei. Tikisa bushi za nyuma za mikono ya mbele, angalia injini maunti ya chini, na zungusha rimu zote kutazama kama zimepinda. Tairi za 225/40 kwenye rimu za 18 zina ukuta mfupi, na mashimo hulipwa na rimu. Ukiweza kuchagua, chukua yenye rimu za 17 na tairi za 225/45. Tairi za nyuma zikiwa zimeliwa upande wa ndani tu, gari limeshushwa au mkono wa nyuma umepinda.

Gari lililoongezwa nguvu kwa programu ni kesi yake. Muuzaji atalitangaza kama sifa. DSG ya gia 6 iliundwa kubeba torki ya karibu Nm 350, na Mk7 inaifikia ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, kwa hiyo programu ya injini bila programu ya giaboksi inazichosha klachi. Tazama kama bomba la kushuka kutoka turbo ni la asili na kama boksi la filta limebadilishwa. Hata kama vipuri vya asili vimerudishwa, boliti zenye alama za spana husema. Lililofanyiwa kazi na fundi anayejulikana, likiwa na karatasi, linaweza kufaa. Lisilo na historia, liache.

Kabla hujakubaliana bei, soma kibandiko ndani ya kilango cha tangi. GTI za Japani zinataka petroli ya oktani ya juu. Ukiishi mahali ambapo kituo chenye petroli hiyo kiko mbali, kompyuta itarudisha nyuma moto ili kuilinda injini, nawe utakuwa umelipia farasi usiowapata.

Hesabu na karatasi

Andika kila kasoro na bei ya kipuri chake, ukipiga simu dukani mbele ya muuzaji. Orodha hiyo ndiyo punguzo lako. Ukishapata bei, uwe bado na robo yake pembeni. Kama hela yote itaishia kwa muuzaji, hili si gari lako kwa mwaka huu, tafuta Premio au Impreza isiyo na turbo. Kenya fanya utafutaji wa umiliki NTSA kupitia eCitizen ili ujue kama kuna mkopo wa benki juu ya gari. Tanzania linganisha jina la kadi na la kitambulisho, na angalia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari.

Likiwa lako, wiki ya kwanza mwaga oili hata kama umeambiwa ni mpya: lita 4.6 kwa Mk6, 5.7 kwa Mk7, 5W-40 yenye idhini ya VW 502 00, na baada ya hapo kila kilomita 8,000. Weka plagi nne mpya. DSG ya gia 6 isiyo na risiti, nunua lita 6 za oili yake ya G 052 182 na filta, na ijazwe kiwango kikipimwa kwa joto linaloonekana kwenye mashine, si kwa kukisia. Mk6 pima oili kila ukijaza tangi, injini ikiwa imezimwa dakika kumi, na andika kilomita na kiasi ulichoongeza kwenye daftari linalokaa ndani ya gari.